Mama Mwenye Umbo Dogo

Wakili alikuwa anapuliza chai wakati mteja alipoingia kwa ubavu, maana mlango wa ofisi ulikuwa mwembamba na mama yule alijaaliwa mwili. Nyuma yake alikuja binti wa darasa la pili, kashika pindo la gauni lake. Aliyemzaa binti alikuwa amefariki, na sasa baba mkubwa, kaka wa baba yake, alimtaka akamlelee mapacha.

"Mimi ni mama yake mdogo," mteja akasema. "Nimemlea tangu ananyonya. Nataka mahakama iseme abaki kwangu."

"Hiyo ndogo sana, mama," wakili akajibu. Watu walimwita Chapchap.

Zamani ofisi ile ilikuwa na mawakili vijana na mpiga chapa, waliosomeana kila hati kwa sauti kabla haijatoka. Sasa palikuwa na kompyuta tu, ambayo wakili aliiita Karani. Karani alimsikiliza mteja, akayageuza maneno yake kuwa lugha ya mahakama, na kabla chai haijapoa ombi likatoka. Wakili akatia sahihi bila kulisoma. Nje foleni ilikuwa ndefu.

Mahakamani hakimu alivaa miwani.

"Hapa mmeandika kwamba mwombaji ni mama mzazi wa mtoto, mwenye umbo dogo. Mama mzazi ni marehemu, cheti ninacho. Na hilo umbo dogo, jamani, macho ninayo."

Watu wakacheka.

"Mheshimiwa, mimi ni mama mdogo!" mteja akalia.

"Ndivyo mlivyoandika."

Wakili alisimama. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: mdogo wake mama, basi. Lakini angeulizwa nani aliandika na nani hakusoma, na juzijuzi tu mwenzake alinyang'anywa leseni kwa jambo hilohilo. Akakohoa, akakaa. Ombi likatupwa kwa kuwa la uongo, baba mkubwa akapewa mtoto, muhuri ukagongwa.

Tangu hapo mteja akaanza kupungua. Hakuumwa wala hakukonda. Alifupika tu, mwili mzima kwa pamoja, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Majirani walisema ndiyo mambo ya muhuri hayo, karatasi ikishagongwa mwili hauna budi kuifuata. Fundi cherehani alimpunguzia magauni, halafu akaona heri amshonee mapya, maana kitambaa chenyewe kilichohitajika kilikuwa kiduchu. Alipofikia kimo cha mtoto anayetambaa, mwendesha pikipiki alimleta ofisini ndani ya kikapu, akamweka mezani.

"Shikamoo, mama," wakili akasema.

"Marahaba, baba. Sasa nimekuwa kama mlivyoandika. Twende tena kwa hakimu?"

"Umbo limekubali, mama. Imebaki kule kumzaa."

"Kumzaa siwezi kusema. Yule ni wa dada yangu."

Wakili akamgeukia Karani, akamwandikia: Mama mdogo ni nani?

"Ni mdogo wake mama," Karani akajibu papo hapo.

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Samahani kwa usumbufu. Niandike marekebisho, nikieleza kosa lilivyotokea?"

Wakili alitazama kioo cha kompyuta. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina lake. Akaandika: Baadaye.

Basi mama mdogo akawa analetwa kila asubuhi kuingoja hiyo baadaye. Wakili alimnunulia kijiko cha kitoto. Alimuuliza kila mara kama feni inampuliza sana. Akimwangalia, alimwangalia nywele, si macho.

Siku moja baba mkubwa alisimamisha gari nje kufuata nakala yake ya hukumu, ambayo mahakama iliiacha kwa wakili, akamtuma binti aingie kuichukua. Binti akaamkia, akamnyanyua mama yake mdogo, akambeba kiunoni kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

"Viganja vimekuwa vigumu, mwanangu."

"Sabuni hiyo, mama. Na nepi ni nyingi."

"Unasoma lakini?"

"Mapacha wakilala."

Nje honi ikalia. Mama mdogo akamkumbatia shingo, na wakili akalazimika kumbandua kidole kimoja kimoja, polepole, asimuumize. Binti akachukua nakala, akaondoka.

Wakili akabaki amembeba, akitafuta pa kumweka. Meza nzima ilijaa hati zinazongoja sahihi. Akasukuma chache kwa kiwiko, akamkalisha hapo, akaita mteja mwingine.