Mtoto Aliyesahauliwa Mlangoni

Kwa muda mrefu Pyo Seungrok aliamini kwamba amepelekwa kwa mshauri, Mwalimu Tak, kutibiwa usahaulifu. Daktari pale mjini Daegu, Korea Kusini, alikuwa ameshamweleza kwamba tangu utotoni ana akili isiyotulia, ile ambayo madaktari huiita ADHD, na kwamba haikuwa uvivu wala dharau kama alivyoambiwa maisha yake yote. Akampa vidonge, kisha akamtaka aende pia kwa mshauri, akaongee. Vidonge alivimeza kwa furaha. Kuongea ndiko kulikomshinda.

Maana alichokisahau hakikuwa mwavuli. Majira ya kuchipua, binti yake Bomi, mtoto wa miaka minane, alirudi nyumbani bila mfuko wa viatu vya darasani, naye hakumbuki ameuacha wapi. Seungrok akampigisha magoti mlangoni, uso kwenye kabati la viatu, mikono juu, mpaka akumbuke. Simu ikalia. Mteja anamsubiri. Seungrok akavaa viatu vyake palepale kando ya mtoto, akatoka, akaenda zake. Hyoju, mkewe, aliporudi kutoka kazini jioni alimkuta Bomi bado yuko magotini, anatetemeka, amejikojolea.

"Baba Bomi," Hyoju alimwambia usiku ule, wala hakupaza sauti, "baba yako alikuwa mkatili. Lakini angalau alikuwa anakukumbuka."

Maneno yale yalimkata maini. Hyoju akamalizia kwamba atafute tiba, na siku mtoto huyu akipigishwa magoti tena, yeye atamchukua waende kwa mama yake mjini Pohang, wasirudi.

Basi akaenda. Mwalimu Tak alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kumimina chai ya shayiri bila kuuliza kama unaitaka. Seungrok alimchekesha sana wiki za mwanzo, kwani maneno hayakumpungukia. Siku moja alikuwa akimsimulia kazi yake ya kubandika karatasi za ukutani.

"Mimi nipe dari tu, Mwalimu. Wenzangu wanaikimbia, mikono inawafa ganzi. Mimi naweza kutwa nzima mikono juu. Nilifundishwa na bingwa, baba yangu mzazi!" Akacheka.

Mwalimu Tak hakucheka. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Aa, mambo ya kawaida hayo. Zama zile nani hakunyooshwa mikono? Darasani kwetu ungedhani timu imefunga bao."

"Sikuuliza wangapi. Nimekuuliza wewe."

"Sita. Saba hivi."

"Na nani alikuwa anakwambia ushushe?"

Akazikumbuka siku zile. Alimwona mama yake akipita na sinia la chakula, macho chini. Alimwona baba yake, sajenti mstaafu, amesinzia mbele ya televisheni.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa nasubiri akorome."

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mara nyingi anayesema hivyo fimbo iko mkononi.

"Mwalimu, nisaidie kwa daktari aniongezee vidonge," Seungrok alisema. "Nisisahau tena, basi. Mengine yameshapita."

"Vidonge vitakukumbusha kwamba mtoto yuko mlangoni. Havitakwambia kwa nini ulimweka pale."

Seungrok alinyanyuka, akaondoka bila hata kuinamisha kichwa kuaga, jambo ambalo kwao ni sawa na tusi. Wiki iliyofuata hakwenda. Alinung'unika kwa yeyote aliyemsikiliza kwamba amelipia tiba akaishia kutukanwa. Lakini nyumbani Bomi alikuwa ameacha kumsimulia habari za shule, na kila baba akikohoa yeye alikuwa ananyoosha mgongo. Seungrok aliliona hilo, likamtia hofu kuliko tishio la Pohang. Akarudi kwa Mwalimu Tak, na safari hii alilia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea, kamasi na yote. Alimlilia mtoto wa miaka sita aliyekuwa akisubiri kukoroma kwa baba yake. Ilimchukua majira mawili kuacha kumwonea haya mtoto yule.

Baridi ilipoanza, siku moja alirudi mapema kutoka kazini. Alipofungua mlango alimkuta Bomi amepiga magoti, uso kwenye kabati, mikono juu. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Nani kakwambia upige magoti?"

"Nimepoteza koti," alijibu, bila kugeuka. "Lile jipya."

"Inuka!" Seungrok alifoka. Mtoto akanyoosha mikono zaidi.

Akaisikia sauti yake mwenyewe, na haikuwa yake. Alijiona mnyonge. Yote aliyokuwa ameyasema kwa Mwalimu Tak yalimpotea kichwani, wala hakujua baba mwema hufanya nini mahali kama hapa, maana hakuwahi kumwona. Alivua viatu. Akapiga magoti kando ya binti yake, uso kwenye kabati, akanyoosha mikono.

 Bomi akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Baba, wewe umepoteza nini?"

Angeweza kutania. Utani ulikuwa umeshamfika mdomoni.

"Wewe," alisema. "Siku ile nilikupoteza wewe."

Bomi alilifikiria jambo hilo kwa makini, uso umekunjamana.

"Lakini mimi nilikuwepo."

"Najua, mwanangu. Ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Nisamehe."

 Bomi alishusha mikono yake taratibu, mmoja kwanza, akasubiri aone kama atagombezwa, kisha wa pili. Halafu akamgeukia baba yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu, akamshika kiwiko, akakivuta chini.

"Shusha, Baba," alisema. "Ikikaa sana inauma."