Kona Isiyofyekwa

Jumanne ya nne Dinah Wangui aliikunjua tena ile ramani ya shamba, akaitandaza mezani, akaweka kalamu juu yake. Alikuwa amechoka nayo. Alikuwa na saa moja tu na mzee Festus: amwogeshe, ampe dawa, amkorogee uji, kisha akimbilie basi kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mambo ya ramani hayakuwa kazi yake hata kidogo. Lakini Malachy, mtoto wa marehemu mdogo wake Festus, aliyebaki kwao huko Mayo, magharibi mwa Ireland, alikuwa ameipata namba ya simu ya Dinah, na kila wiki alimwuliza swali lilelile: ameshasaini?

Shamba la ukoo lilikuwa linauzwa. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba za watalii, na bila saini ya mzee chini ya ramani hiyo hakuna lililosonga.

Ofisi ya wahudumu wa wagonjwa majumbani ilipomtuma Dinah mara ya kwanza, ilimwambia tu aende Peckham, kusini mwa London, kwa mzee anayeitwa Festus. Kwao Othaya, Kenya, alikuwa na wajomba wawili wa jina hilo, basi akaja na chapati nne kwenye mkebe, akidhani anamwendea mtu wa nyumbani. Mlango ukafunguliwa na mzungu mwekundu kama nyanya. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Kwetu," alimwambia, "ukiita Festus mnadani watageuka wanaume kumi." Chapati alizimaliza zote. Tangu siku hiyo Dinah alimpenda, na ndiyo maana sasa mzee alimuudhi kuliko wagonjwa wake wengine wote.

"Mzee, leo tusaini."

"Ukuta huu wameuchora vibaya."

"Wiki jana ulisema ni kijito."

"Na kijito pia."

Dinah aling'ata mdomo. Alijua kinachofuata. Mzee angeweka kidole chake kinene, kilichovunjwavunjwa na miaka ya kuchimba barabara za London, kwenye lango la shamba, kisha aanze kuwarudisha ng'ombe wa utotoni nyumbani, kiwanja baada ya kiwanja, kila kimoja na jina lake. Kiwanja cha Mjane. Kiwanja cha Mwashi wa Mawe, aliyejenga ukuta bila saruji na haujaanguka hadi leo. Kule kinamasini walikokata udongo mweusi kwa umbo la matofali, wakauanika kiangazi kizima ili wapate cha kuchoma jikoni, maana kuni hazikuwepo. Ukimkatiza, anarudi langoni kuanza upya. Jumanne tatu zilikuwa zimeliwa hivyo.

Leo Dinah hakumkatiza. Alisimama na taulo mkononi akikifuata kile kidole kwa macho, na ndipo alipoona. Kilipofika kona ya juu, kando ya ukuta wa mpaka, kidole kiliinuka, kikaruka, kikatua upande wa pili.

"Hapo je?"

"Hapo hapana kitu. Baba akifyeka majani ya ng'ombe alikuwa akifika hapo anageuza."

"Kwa nini?"

"Miiba."

"Miiba!" Dinah aliitupa taulo kitini. "Mzee, mimi ni mtoto wa shamba, usinifanye mjinga. Kwetu kona isiyolimwa ina mwenyewe. Nani amelala hapo?"

Mzee akasema, macho yakiwa kwenye ramani, kwamba walikuwa wawili, mvulana halafu msichana, waliozaliwa kabla yake na kufa kabla ya maji ya ubatizo. Wakati huo watoto wa namna hiyo hawakukubaliwa kwenye makaburi ya kanisa. Baba aliwabeba kila mmoja kwenye sanduku la majani ya chai, alfajiri, peke yake. Mama alimwambia mara moja tu, wakikamua, na hakurudia tena.

"Miaka themanini umekaa na neno hili," Dinah alisema, "na mimi nakuletea kalamu!" Hakujua amkasirikie nani: mzee, kanisa, au yeye mwenyewe na haraka zake. Akampigia Malachy, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza yote.

Malachy hakuwa na habari hizo hata kidogo. Akasema wakili anaweza kuiondoa kona hiyo isiuzwe, ila aandikiwe ni makaburi ya akina nani. Majina, tafadhali.

"Hawakupewa majina," alisema mzee.

"Upuzi. Mtoto atakosaje jina na ana babu na nyanya? Kwetu jina linamngoja kabla hajazaliwa. Msichana wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba."

Mzee aliinua kichwa. "Mzaa mama."

"Mzaa baba, mzee! Binti yangu ana jina la mama mkwe, nitakosea vipi?"

"Huko kwenu. Kwetu wa kwanza ni wa mzaa mama. Huyu ni Sabina." Alilitamka polepole, na macho yakamjaa machozi.

"Haya, Sabina. Na mvulana?"

Mzee alichukua kalamu mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika Jumanne nne, akaiinamia ramani. Dinah alitazama saa. Basi lilikuwa limeshampita. Alipotazama mezani tena, aliona pale konani majina mawili kwa herufi kubwa zinazotetemeka: SABINA, na chini yake FESTUS.

"Ai, mzee! Pa kusaini ni huku chini! Sasa umeiharibu, itabidi niombe nyingine, tuanze tena..."

"Sijasaini."

"Si hili hapa jina lako?"

"Babu mzaa baba alikuwa Festus," alisema mzee. "Mvulana wa kwanza alikuwa huyu wa konani, si mimi. Mimi nilipewa jina lake kwa kuwa hakulitumia."

Dinah alivuta kiti, akakaa. Mzee aliishusha kalamu hadi kwenye mstari wa saini, nayo ikasimama pale.

"Na hapa, Dinah," aliuliza, "niandike jina la nani?"