Mpira wa Don Evaristo

Melanio alifunga goti kwa kitambaa alichochana kwenye shuka la mama yake, akasimama mahali pake pa zamani, kati ya kituo cha pili na cha tatu cha uwanja wa besiboli. Zamani watu wa San Pedro walilipa kiingilio kumwona hapo. Halafu timu ya Marekani ilimchezesha mpaka goti likasagika, ikampa tiketi ya ndege ya kurudi. Sasa analinda lango la kiwanda cha sukari, na nyumba anamomuuguza mama yake ni ya kiwanda.

Quico, msimamizi wa nyumba hizo, alimsogelea akitafuna muwa.

"Sikiliza, kaka. Mpira wa bosi ukija kwako, uache upite. Anatafuta nyumba za kuvunja, na yako imo."

"Nimeelewa."

"Wewe na mikono yako hiyo. Usije ukajiponza."

Mpira wa kwanza alioupiga kwa gongo Don Evaristo, mwenye kiwanda, ulikuja unadunda kivivu, hata kuku angeudaka. Melanio alichelewa kuinama makusudi, ukampita miguuni.

"Nyota gani huyo?" mtu alipiga kelele. "Babu, rudi langoni ukasinzie."

Wakacheka. Aibu ilimchoma, lakini alimkumbuka mama yake, akarudi mahali pake.

Don Evaristo hakucheka. Alisimama kituo cha kwanza, akamnyooshea kidole.

"Unanichezea, Melanio? Nimeleta wageni wanione nikipambana na mchezaji wa kweli. Cheza sawasawa."

Melanio alimtazama Quico. Quico akainama kufunga kamba za viatu.

Zamu ya bosi ya kupiga iliporudi, alipiga kwa nguvu zote. Melanio hakupata hata nafasi ya kufikiri. Alijitupa, akadaka, akaurusha kituo cha kwanza akiwa anaanguka. Mpira ulifika Don Evaristo akiwa bado mbali na kituo, akawa ametolewa. Uwanja mzima ukainuka kushangilia, na Melanio, pale chini vumbini, alifurahi. Alifurahi kweli.

"Safi sana," alisema Don Evaristo. Hakumpa mkono.

Jumatatu asubuhi Quico alikuja na vibarua na nyundo. Walimtoa mama na godoro lake, wakamlaza kando ya barabara, kisha wakaanza kung'oa mlango.

"Si mimi, kaka. Unajua si mimi."

"Najua."

Quico alitazama huku na huku, akapunguza sauti.

"Ila ule mpira wa jana. Uliudakaje ule? Hebu nionyeshe."

Mama alikuwa anaomba maji. Melanio alitanua miguu, goti likalia, akainama mbele ya nyumba isiyo na mlango, viganja wazi.