Nailoni Iliyokunywa Maji

Mkanda wa kubebea majani ulipokatika na kumchapa kibarua Chelangat mkononi, watu wote wa chumba cha kuchachushia chai walimgeukia Omwenga. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kiwanda hicho karibu na Litein, na kiangazi cha mwaka huo wa 1971 alikuwa ameng'oa bushi za shaba, vile vipete vinavyozungukia shafti ndani ya rola za mkanda, akatia mpya za nailoni. Hizo hazikuhitaji grisi, na grisi ilikuwa ikichafua majani.

Mvua zilipoanza, chumba kikashinda kimelowa. Rola zikalia, moja ikakwama kabisa, na mkanda ukavutwa hadi ukakatika.

Chelangat alipelekwa hospitalini. Meneja hakumfokea Omwenga. Alimwambia tu akae nyumbani mpaka injinia aje kutoka Kisumu. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Usiku hakulala, na mkewe Yunia, ambaye alijua kwamba nyumba waliyoishi ni ya kampuni na kazi ikiisha watahama, naye hakulala. Omwenga alijiuliza lilelile: rola zote alizipima kwa mkono wake, zikazunguka vizuri. Zimebanaje?

Injinia, Ogola, alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akampa rola iliyokwama, bushi zikiwa ndani, airudishe kwenye shafti. Haikuingia. Wakaiweka kwenye joto la tanuri la kukaushia chai, wakaiacha mpaka kesho yake. Ilipopoa, Omwenga aliisukuma taratibu, nayo ikateleza hadi mwisho.

"Nailoni hunywa maji," Ogola alisema. "Ikinywa huvimba, na hulika upesi. Hukukosea kupima, bwana. Ulipima ikiwa kavu."

Omwenga aliketi juu ya sanduku la vifaa. Wakakubaliana shaba irudi kwenye chumba chenye maji, nailoni ibaki upande mkavu wa kuchambulia chai, na tundu lake lipanuliwe kidogo ili ikivimba isibane. Meneja akamwambia arudi kazini.

Lakini alipita kwanza nyumbani kwa Chelangat, ambaye alikuwa ameshatoka hospitalini. Alimkuta uani akichambua maharagwe kwa mkono mmoja, akamweleza yote.

"Mfupa ni mzima, fundi," Chelangat alisema. "Mimi nilikuwa naogopa wamekufukuza kwa ajili yangu. Mungu ni mwema."

Mama yake akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Omwenga akanywa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akasikia njaa.