Anguko la Dada Ziwani

Asubuhi ya mashindano, Mama alikuwa kwenye cherehani akikaza bega la fulana nene ya kukinga mbavu. Binti yake, ambaye ziwani wanamwita Sindano, alikuwa anajaribu helmeti. Mtoto aliyebaki ni huyo mmoja. Dada mtu alifia ziwani kwenye mbio za ubao wa tanga, na Mama alikuwa ameshasema lake: mbio aende, ila arudi kwa miguu yake mwenyewe.

"Ukianguka?" Mama akauliza.

"Siachii bomba la kushikia tanga. Najikunja, kidevu kifuani. Nikiibuka, mkono juu ya kichwa."

"Haya. Vaa tuone kama inabana."

Ziwa lile halisahau. Kila aliyeanguka pale ameacha shimo la umbo lake juu ya maji, kama godoro linavyobaki na alama ya mlalaji, na halijai. Klabu hufundishia humohumo. Mwanafunzi anateremshwa kutoka kwenye boti, analazwa ndani ya anguko la mtu, anaambiwa akunje magoti kama mwenyewe alivyokunja. La Kocha ni la aibu, kajimwaga kama chura, na huwa analionyesha akicheka.

La dada mtu lilizungushiwa maboya na kibao cha UZEMBE. Mwenyekiti wa klabu alikiandika kwa mkono wake. Kwa maelezo yake, marehemu aliachia bomba, akarushwa, akagonga mlingoti, na ajali haina kinga. Wanafunzi walitazamishwa kwa mbali, wasije wakaambukizwa. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kulala mle.

Upepo ulipokubali, Sindano aliingia mbioni. Kulabu ya mkanda wake wa kiunoni ilishika kamba ya bomba, mwili ukaning'inia nje, ubao ukawa unagusa maji kwa pezi tu. Waliogeuka kumtazama walikuta ameshapita. Alivuka mstari wa mwisho kwa kasi ambayo ziwa halijawahi kuiona, na hapo upepo ukamnyanyua mzimamzima.

Hakuachia. Alijikunja, akavuka maboya hewani, akatua chali ndani ya shimo la dada yake. Lilimkaa kama nguo ya kurithi, mgongo kwa mgongo, kisigino kwa kisigino. Mikono ya lile umbo ndiyo ilimshangaza kidogo. Haikutawanyika kama ya mtu aliyeachia. Yote miwili ilikuwa kiunoni, vidole vimekazana kufungua kulabu.

Na kulabu yake pia ilikuwa imeganda. Tanga lilimfunika, maji yakaanza kumwingia puani. Aliogopa, akavuta kwa nguvu, kulabu ikazidi kung'ang'ania. Ndipo vidole vya shimo vikashika vyake na kumwelekeza: usivute, sukuma nyuma, halafu pinda. Dada alikuwa amepata muda wa kutosha wa kuichunguza. Kamba ikachomoka.

"Asante, dada," Sindano alisema, akaibuka mkono ukiwa juu ya kichwa.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya dada huyohuyo. Watu walimbeba juujuu ukingo mzima. Mama alimpapasa mifupa yote, akaikuta mizima, akacheka mpaka akakaa chini. Habari ya kasi hakuwa nayo. "Mmeona mwanangu alivyoanguka?" aliwauliza wote, hata aliyekuwa anauza maji ya chupa.

Sindano alimfuata Mwenyekiti. "Dada hakuachia. Kulabu ndiyo haikumwachia yeye."

Mwenyekiti alipelekwa kwa boti, akainama, akaitazama ile mikono. Akasema anaiona vizuri kabisa. Jioni, akikabidhi kombe, alitangaza kwamba binti ameanguka kwa kasi kuliko wote na ametoka mzima, hivyo kulabu za klabu zimethibitika kuwa salama. Wakaagiza nyingine za aina ileile. Kibao hakikuguswa.

Siku hizi Kocha anawalaza wanafunzi wote mle shimoni kwa dada mtu, mmoja mmoja. Mama huja naye kwenye boti na kuwakumbusha wapige hodi kwanza, ni mtu mzima yule. Wanatoka wakijua kusukuma na kupinda. Hajafa mtu tena ziwani, na klabu za mbali zinatuma watu kuja kuulizia zile kulabu salama zinapatikana wapi.