Baraka ya Ndizi

Mimi Euphrasie, mdomo wangu nusura uninyime kula. Nafanya kazi kwenye maternelle, shule ya watoto wadogo, ya Wayahudi hapa Bruxelles: kuvua watoto makoti, kupangusa pua, kukata matunda ya saa nne. Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Nikipewa wa kudumu, nitaachana na zile ofisi za Schaerbeek ninazosafisha alfajiri, mgongo nao upumzike kidogo.

Watoto hawa hawatii kitu mdomoni bila baraka, na kila chakula kina yake. Kwa pomme, lile tofaa, wanamshukuru Mungu aumbaye matunda ya muti. Kwa karoti, aumbaye matunda ya udongo. Mimi mutu wa Kivu, nimekulia kanisani, nikaona, bon, hapa nimefika nyumbani. Siku ya tatu walipomaliza, sauti ikanitoka yenyewe: "Kwa jina la Yesu, amina!"

Aïe, maman! Watoto wote wakanikodolea macho, matunda mkononi.

Mwalimu wao, Madame Hadassa, hakunifokea. Alinipeleka kwenye korido, uso mwekundu. "Maman Euphrasie, wazazi wametukabidhi watoto hawa. Baraka ni kazi yangu, matunda ni kazi yako. Ukirudia, sitaweza kumuandikia mkurugenzi kwamba ubaki."

Alikuwa na haki. Mimi ningekubali mutu awafundishe watoto wangu dini yake kinyemela? Hata kidogo! Tangu siku ile nasema amina tu, tena chini chini.

Ikafika sikukuu yao ya miti, katikati ya baridi. Alhamisi wazazi wangekuja, kila mutoto abariki tunda lake mbele yao. Yaël, miaka mitano, kichwa kigumu kama changu, akapewa ndizi. Akakataa.

"Wananiambia niseme udongo," alisema. "Ndizi inatoka kwenye muti, nimeona picha. Sitamudanganya Mungu."

Madame alimueleza kwamba wazee wao walihesabu ndizi pamoja na mazao ya udongo, kwa sababu shina lake halidumu.

"Lakini muti wake ni mrefu kumupita papa yangu!"

Siku tatu hivyo. Jumatano Madame akachoka. "Basi, Yaël. Kesho atasema mwingine."

Kidevu cha mutoto kikaanza kutetemeka. Babu yake alikuwa anakuja na treni kutoka Anvers, kumusikia yeye. Na mimi nimesimama nyuma na kisu cha matunda. Nyamaza, Euphrasie. Fikiria mkataba. Nyamaza, wewe!

"Si muti," nikasema.

Wote wakageuka.

"Madame, samahani. Sisemi habari ya baraka. Nasema habari ya shamba."

Nilishaanza kuwaza ofisi za Schaerbeek. Halafu akasema, "Ongea."

Nikapiga magoti mbele ya Yaël. "Mama yangu kule Kabare ana migomba. Muti, ukitaka kuuangusha, unaita wanaume na shoka. Mugomba, mimi niliukata na panga nikiwa na miaka saba. Ndani hamna mbao, ni majani yamekunjana, na maji. Unazaa mukungu mumoja, basi, unakufa. Tunaukata. Lakini pale chini watoto wake wameshatoka kwenye udongo."

Alifikiri, kidole puani. "Unazaa mara moja tu?"

"Mara moja."

"Na mukiukata, munauambia asante?"

Kwa ndizi zile mama alitulisha watoto sita. Kwa ndizi zile alinisomesha, alizibeba kichwani mpaka sokoni. Kwetu asante unampa mgeni. Mama ni mama, nani amuambie asante? Nikaona aibu, aibu ya kweli, mbele ya mutoto wa miaka mitano.

"Hapana," nikamuambia. "Tulikuwa tunasahau."

"Basi nitasema mimi."

Akashika ndizi, akafumba macho, akasema baraka ya udongo yote, bila kukosea. Tukaitika amina. Mimi pia, amina peke yake.

Jioni, wakati wa makoti, Madame Hadassa akanishika mkono. "Miaka ishirini nafundisha baraka ile. Sijawahi kuona mugomba." Kisha akasema, "Nimeandika. Unabaki. Na kesho utaketi mezani na Yaël."

Kwenye kituo cha tramu nikapiga simu Kabare.

"Mama, asante."

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, mama. Wamenibakisha."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Alors, asante ya nini?"

"Ya ndizi."

"Ndizi gani?"

Tramu ikaja, nikaiacha ipite. Machozi yalikuwa yananishuka mbele ya watu, na sikujali.

"Zote, mama."