Joka la Ndayisaba

Mwaka mzima Scovia alikuwa akilisaka joka, na leo limelala miguuni pake. Si joka la kweli, jamani, hapa Rumonge, Burundi, tuna shida za kutosha. Ni la mchezo. Kila Jumapili alasiri watatu hukaa dukani kwa Hamissi, fundi cherehani. Ndayisaba ndiye anayesimulia ulimwengu, wenzake wawili wanakuwa mashujaa ndani yake, na dadu ndizo zinazoamua nani apone, nani afe.

Shujaa wa Scovia, mwanamke mwenye shoka, alitaka kitu kimoja tu: mlima walikofukuzwa wazee wake, ambao sasa joka limejikalia. Msijifanye hamwelewi! Scovia alizaliwa kambini Tanzania. Bibi yake alikimbia mauaji ya Rumonge mwaka wa sabini na mbili akiwa bado bibi harusi, akarudi mzee, akakuta michikichi imefuta kila alama. Kwake ni wapi? Hajui hadi leo. Sasa macho yanamzimika, na kila sala anaomba aione nyumba yake kabla giza halijamkuta.

Scovia akarusha dadu ya pande ishirini. Ishirini!

Hamissi akapiga meza. "Allahu akbar! Maliza, dada, kata shingo!"

"Ngoja kwanza," Ndayisaba akasema. "Joka lina moto, lina magamba, lakini nguvu yake kubwa ni ulimi. Likitaka kufa lina haki ya kusema, na hapo haliwezi kudanganya." Akaifanya sauti nzito, ya kizee. "Mutoto, mimi sikufukuza mutu. Nilikuja na njaa, na watoto. Nikakuta mulango iko wazi, mulango ya mbao za mutumbwi, maandishi yake kichwa chini. Ndani, maharage iko kwenye moto, bado inachemka. Tulingoja wenyewe mpaka ikaanza kuungua. Ndipo tukala."

Hamissi akaangua kicheko. "Joka gani hilo linakula maharage!"

Scovia hakucheka. Maharage, sawa, waliokimbia wengi waliacha chungu motoni. Lakini mlango! Babu yake alikuwa mvuvi, kusoma hajui. Mtumbwi wake ulipopasuka alichonga mlango kwa mbao zake, akaupachika maandishi yakiwa juu chini, na bibi akamcheka mpaka siku ya kukimbia. Babu hakufika Tanzania. Hadithi hiyo bibi humsimulia Scovia peke yake.

"Umeyatoa wapi hayo?" akauliza.

"Kwa babu yangu," Ndayisaba akajibu, bado anatabasamu. "Ndivyo walivyoingia kwetu kule kilimani. Nikaona yanafaa, joka lisiwe shetani tupu." Akamwangalia mwenzake usoni, tabasamu likamkauka. "Scovia? Kuna nini?"

"Hayo maandishi yanasema Amahoro."

Ndayisaba akaruka juu, kiti kikaanguka nyuma yake. Neno hilo, amani kwa Kirundi, hakuwa amelitaja. "Mama yangu weee! Nani kakwambia?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Scovia na hakuyafuta.

"Jamani, dadu imeshaanguka," Hamissi akasema, hajaelewa hata kidogo. "Joka linasubiri. Unapiga, hupigi?"

"Huo mlango bado upo?" Scovia akamuuliza Ndayisaba.

"Upo. Ni wa jikoni siku hizi. Leo asubuhi nimeufungua mimi."

"Basi leo msiufunge," Scovia akasema, akiinuka. "Naenda kumleta bibi."